Sifuri ya Mbele

 

Shangazi yangu aliwahi kuachwa na boti bandarini Dar es Salaam. Tiketi yake ya kwenda Unguja iliandikwa 07:00. Yeye akapika, akala, akafunga kikapu chake, akafika bandarini saa sita na nusu mchana, nusu saa nzima kabla ya wakati, moyo umetulia kama wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa safari. Boti ilikuwa imeng'oa nanga tangu saa moja asubuhi. Shangazi si kwamba hajui kusoma. Saba aliiona, na saba akaisoma saba. Ila aliyeandika tiketi alihesabu kuanzia usiku wa manane, naye akahesabu kuanzia macheo, na karatasi yenyewe haikusema inafuata hesabu ya nani.

Jambo hilohilo hutokea kila siku ndani ya kompyuta, kwenye anwani ambazo mashine huzitumia kutafutana mtandaoni, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Usizime redio ukidhani haya ni ya mafundi peke yao. Ukinunua umeme kwa simu, ukituma fomu ya chuo ya mwanao, ukitazama salio lako, mahali fulani kuna programu inayosoma anwani na kuamua: huyu nimfungulie, huyu nimzuie. Programu hiyo ikisoma vibaya, hasara ni yako, wala hutajua ilianzia wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu anwani yenyewe. Anwani ya mashine, ile ya toleo la 4 ambayo wengi wetu tumeizoea, ni namba moja tu yenye biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Iliwekwa rasmi katika nyaraka za kanuni za intaneti, kwenye waraka namba 791 wa Septemba 1981, uliohaririwa na Jon Postel, mmoja wa waliojenga misingi ya intaneti kule Marekani. Biti 32 zinatoa jumla ya anwani 4,294,967,296. Namba ndefu kiasi hicho haikaririki, ndiyo maana hukatwa vipande vinne, kila kipande kati ya 0 na 255, na kati yao huwekwa nukta. Mfano ni 127.0.0.1. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe, kama mtu anaposema "mimi".

Naomba ulishike hili kabla hatujaendelea: maandishi yenye nukta siyo anwani. Anwani ni ile namba iliyo ndani. Maandishi ni matamshi yake tu, na matamshi hutofautiana.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja yenye kompyuta kama thelathini. Kijana wao wa TEHAMA alikuwa ameandika programu ndogo ya kuzima, kutoka mezani kwake, kompyuta za watu waliokwisha kuondoka jioni. Wazo zuri, linaokoa umeme. Siku ya kwanza akachagua kompyuta namba 10, ya mtu aliyekuwa ameshakwenda nyumbani, akaiamuru izime. Namba 10 ikaendelea kuwaka. Chumba cha pili, skrini ya mhasibu aliyekuwa akitumia namba 8 ikawa giza, na mahesabu ya mchana mzima hayajahifadhiwa. Mhasibu akalaumu umeme. Kesho yake kijana akajaribu namba 8 yenyewe. Programu ikamjibu kwamba jina hilo halijulikani. Wakabadilisha nyaya. Wakabadilisha swichi. Kompyuta namba 1 hadi 7 zilitii vizuri kabisa, na hilo ndilo lililowachanganya zaidi.

Nikaomba orodha ya anwani. Nikaletewa jedwali safi sana, kazi ya mtunza vifaa wa ofisi, mama mwenye mkono wa nidhamu. Ili safu zake zikae sawa, kila kipande cha anwani alikipa tarakimu tatu: 192.168.001.007, halafu 192.168.001.008, halafu 192.168.001.010. Ukilitazama jedwali lile, unapendezwa. Nami nikaona sifuri.

Nieleze sifuri ile ilifanya nini. Katika lugha ya C, iliyozaliwa miaka ya 1970, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa hesabu ya nane, si ya kumi. Ni kama mtu anayehesabu kwa vidole vya mikono miwili bila kutumia vidole gumba. Akifika saba, inayofuata anaiandika 10. Tarakimu ya 8 haipo katika hesabu hiyo, wala 9. Kwa hiyo 010 maana yake ni nane, 011 ni tisa, na 012 ndiyo kumi. Sasa irudie hadithi ya ofisi. Namba 001 hadi 007 zinafanana katika hesabu zote mbili, ndiyo maana zilitii. Namba 008 haina maana yoyote katika hesabu ya nane, kwa hiyo mashine ikadhani pengine ni jina la kompyuta, ikalitafuta, ikalikosa. Na 010 ikaenda moja kwa moja kwa mhasibu.

Tulizifuta zile sifuri na kila kitu kikakaa sawa. Lakini tangu siku hiyo sijaacha kuziwaza, kwa sababu pale ofisini kosa lilikuwa la bahati mbaya, na palipo na mlango unaofunguka kwa bahati mbaya, atakuja mtu kuufungua kwa makusudi.

Desturi hii ina asili yake. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilitoa mfumo wa Unix uitwao 4.2BSD, na ndani yake palikuwa na kipande cha programu cha kugeuza maandishi ya anwani kuwa namba. Waliokiandika walikuwa wakarimu. Ukikipa namba ya kawaida, kinapokea. Ukianza na sifuri, kinahesabu kwa nane. Ukianza na sifuri na herufi x, kinahesabu kwa kumi na sita. Na si lazima ukipe vipande vinne: ukikipa viwili, cha mwisho kinakinyoosha kijaze nafasi yote iliyobaki. Wakati ule mitandao iligawanywa kwa madaraja, na katika daraja la kwanza ilikuwa kawaida kuutaja mtandao halafu mashine, basi. Kwa hiyo 127.1 ni sawa na 127.0.0.1. Hata ukiandika namba moja isiyo na nukta, 2130706433, ni ileile, kwa kuwa hiyo ndiyo anwani yenyewe kabla ya kukatwa vipande.

Ukarimu ule ungali hai. Kwenye kompyuta yenye Linux, andika ping 127.1 na utajibiwa na 127.0.0.1. Andika http://2130706433 kwenye kivinjari, nacho kitaigeuza chenyewe mbele ya macho yako. Waraka namba 3986 wa mwaka 2005, ambao ndio unaotawala jinsi anwani za tovuti zinavyoandikwa, haukubali sifuri za mbele katika vipande hivi, na una sehemu nzima inayoonya juu ya maandishi haya ya ajabu. Lakini desturi haifutwi na waraka. Baadhi ya programu zilifuata waraka, nyingine zikabaki na desturi ya Berkeley, nyingine zikajitungia njia ya tatu: kuzitupa zile sifuri kimyakimya na kusoma 010 kama kumi.

Sasa fikiria ofisi yenye mlinzi getini na tarishi ndani. Wewe unaleta bahasha, unaomba ipelekwe kwa anwani fulani. Mlinzi ana agizo: bahasha ya kwenda vyumba vya ndani asiipokee, za nje tu ndizo zipite. Tovuti nyingi zinafanya kazi hivyo. Unaipa kiungo cha picha, nayo inakwenda kukuletea ile picha. Kabla ya kwenda, mlinzi wake anahakikisha kwamba kiungo hakielekei kwenye mashine zake za ndani, kwenye 127, kwenye 10, kwenye 192.168. Akija mtu na bahasha iliyoandikwa 0177.0.0.1, mlinzi anayetupa sifuri anasoma 177, anaona ni ya nje, anapiga muhuri. Tarishi anaichukua. Tarishi alifundishwa Berkeley. Anasoma 0177 kwa hesabu ya nane, anapata 127, anageuka na kuingia ndani.

Hiki si kisa cha kutunga. Machi 2021 ilitangazwa kwamba netmask, kifurushi kilichotumiwa na maelfu ya programu za JavaScript kufanya kazi hiyohiyo ya mlinzi, kilikuwa kinasoma sifuri za mbele kwa namna hiyo. Kasoro ikapewa namba CVE-2021-28918. Watafiti wakaanza kuuliza, na wengine je? Ndani ya miezi michache kasoro ya ukoo huohuo ikaonekana kwenye maktaba za lugha ya Python, ya Go, ya Rust, na kwenye vifurushi vya Perl. Lugha hizi zimeandikwa na watu hodari, na kila moja ilijikwaa palepale.

Kisa cha Python ndicho kinachonigusa zaidi. Zamani maktaba yake ya anwani ilikuwa inakataa sifuri zenye utata. Toleo la 3.8, lililotoka Oktoba 2019, likalegeza: sifuri za mbele zivumiliwe, watu wasisumbuliwe. Mei 2021, katika toleo la 3.9.5, wakafunga tena, na safari hii wakafunga kabisa: sifuri ya mbele ni kosa, na programu itasema hivyo. Go nayo, kuanzia toleo la 1.17 la Agosti mwaka huohuo, inakataa.

Wapo wanaonung'unika kwamba huku ni kuwasumbua watumiaji. Mimi nasema kukataa ndiko kumheshimu mtumiaji. Mkata tiketi angemuuliza shangazi yangu, "Mama, ni saa moja asubuhi, umeelewa?" angemchelewesha sekunde chache na kumwokolea siku nzima. Programu inayokisia haina adabu hiyo. Inajibu upesi, kwa sauti ya uhakika, na haimwambii mtu kwamba palikuwa na njia mbili za kusoma.

Lakini kukataa peke yake hakutoshi, maana matamshi yanayokubalika nayo ni mengi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alitengeneza programu ya kukusanya michango ya harusi. Mjomba wa bwana harusi akaandikishwa mara tatu: mara moja namba yake ya simu imeanza na 07, mara moja na 2557, mara moja na +255 yenye nafasi katikati. Akakumbushwa mchango mara tatu kwa siku, akaudhika, na haki alikuwa nayo. Dawa ya kijana ilikuwa rahisi. Namba ikiingia tu, isawazishwe iwe na sura moja, ndipo itunzwe na ilinganishwe na nyingine. Anwani za mtandao zinataka dawa hiyohiyo, na zinaitaka zaidi tangu lilipokuja toleo la 6.

Anwani ya toleo la 6 ina biti 128. Huandikwa kwa mafungu manane ya tarakimu nne, kwa hesabu ya kumi na sita, na kati ya mafungu huwekwa nukta mbili, moja juu ya nyingine. Kwa urefu wake wote inaweza kuwa 2001:0db8:0000:0000:0000:0000:0000:0001. Hakuna atakayekubali kuandika hayo kutwa, kwa hiyo kanuni zinaruhusu kufupisha. Sifuri za mbele za kila fungu unaweza kuziacha. Mafungu ya sifuri yanayofuatana unaweza kuyameza yote kwa mara moja. Anwani ile inabaki 2001:db8::1. Tatizo liko kwenye neno "unaweza". Kila mtu alifupisha kiasi alichopenda, mwingine kwa herufi kubwa, mwingine kwa ndogo, na anwani moja ikawa na sura chungu nzima.

Fundi anaamka alfajiri kutafuta kwenye kumbukumbu za seva nani aliingia usiku. Anatafuta maandishi 2001:db8::1. Seva yake iliandika kwa kirefu. Hapati kitu, na anaripoti kwamba hakuna aliyeingia. Agosti 2010 ndipo ulipotoka waraka namba 5952 kuweka sura moja: herufi ndogo, sifuri za mbele ziondolewe, na alama ya kumeza, ile ::, itumike kwenye mfululizo mrefu zaidi wa mafungu ya sifuri. Mifululizo ikilingana urefu, umezwe wa kwanza. Fungu la sifuri lililo peke yake lisimezwe. Ni waraka mfupi, wa kazi, na naupenda.

Katika toleo la 6 pia mna mtego wa kujihadhari nao. Anwani ya toleo la 4 inaweza kuvaa kanzu ya toleo la 6, ikaonekana ::ffff:127.0.0.1. Mlinzi aliyepewa orodha ya zamani anaona mgeni asiyemjua, anampisha. Ndani ya kanzu ni yuleyule.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa waandishi wa programu ni huu. Maandishi yasomwe mara moja, mlangoni, yageuzwe namba. Kuanzia hapo maandishi yasitembee tena ndani ya programu, itembee namba. Mlinzi aiangalie namba hiyo, na tarishi apewe namba hiyohiyo aliyoiangalia mlinzi. Akipewa tena bahasha asome upya, kazi yote ya getini imepotea bure. Na ikibidi kuandika kwenye kumbukumbu, namba igeuzwe maandishi kwa sura moja ile ya waraka 5952.

Majina nayo yana vitimbi vyake, nitayapitia haraka. Mfumo wa majina ya mtandao, alioubuni Paul Mockapetris mwaka 1983 na ukawekwa sawa kwenye nyaraka za Novemba 1987, haujali herufi kubwa na ndogo. Nukta ikiwekwa mwishoni mwa jina, jina linabaki lilelile, ila programu nyingi huliona kama jingine. Kompyuta iliyowekwa kwa lugha ya Kituruki inaweza kuigeuza I kubwa kuwa ı ndogo isiyo na nukta juu, na jina likawa si lile tena. Na herufi a ya Kirusi inafanana na a yetu hata huwezi kuzitofautisha kwa macho, ilhali kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Matapeli wanalijua hilo, na mwaka 2017 mtafiti mmoja alionyesha tovuti iliyosomeka kama ya Apple ingawa kila herufi yake ilikuwa ya Kisirili, alfabeti inayotumiwa na Kirusi.

Sisi wa Kiswahili tuna letu pia, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Majina ya mashine hukubali herufi, tarakimu na kistari. Ritifaa haimo. Mtu mwenye duka la nyama aliloliita Ng'ombe Bora, akisajili tovuti, jina lake litapoteza ile alama na kubaki ngombe, matamshi ambayo si ya ng'ombe. Ukimsomea mteja jina hilo redioni, anaandika ng'ombe kama alivyofundishwa shuleni, na simu yake huenda ikaweka ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Programu itakataa, naye atadhani duka limefungwa. Katika hili ningependa programu isiishie kukataa. Imwambie kwa Kiswahili kinachoeleweka: ondoa alama hii, jaribu tena.

Nawageukia sasa wale wanaoandika programu wanaonisikiliza, na najua mpo, Nairobi, Arusha, Kampala, Bujumbura, wengine mkiwa bado vyuoni. Kesho kabla ya chai, ipeni programu yenu anwani 010.8.8.8. Ikiisoma 10.8.8.8, imeielekeza kwenye mtandao wa ndani. Ikiisoma 8.8.8.8, imeipeleka nje, kwenye seva ya majina ya Google. Mlinzi akiona moja na tarishi akaona nyingine, mlango wenu uko wazi tangu siku mlipouweka. Jibu ninalolitaka kutoka kwake ni moja: ikatae, na iseme kwa nini.